Harambe ya Florida kwa karibu: mwongozo kamili wa kupiga picha za vitu ambavyo wageni huvipita

Wasomaji wanaorudi kutoka Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama na burudani kule Florida, Marekani, huniletea picha zilezile. Mti wa Uhai, ule mti mkubwa wa kutengenezwa, katikati ya fremu. Kibao cha Kilimanjaro Safaris, ziara ya kutazama wanyama kwa gari, na vichwa vya watu chini yake. Twiga aliyekatwa miguu. Na wanapojaribu vitu vidogo, kama nakshi ya mlango, bango lililochujuka au alama ya tairi ardhini, picha inatoka na ukungu, imepinda, au inaonyesha kitu ambacho mpigaji mwenyewe hakumbuki alikiona wapi.

Tatizo si simu. Wanapiga huku wanatembea, wanapiga kitu peke yake bila kilicho jirani yake, na wanapiga saa ambayo jua limekaa utosini. Mwongozo huu unashughulikia makosa hayo matatu.

Nimechagua sehemu moja tu ya bustani hiyo: Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, uliotengenezwa kwa kuiga sura ya Lamu. Bustani ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na mji huo umekuwamo tangu mwanzo. Msomaji wa Kiswahili ana faida pale kuliko mgeni mwingine yeyote, kwa sababu anaweza kuzisoma kuta. Kama safari yako ni ya bustani nyingine, hatua ni hizihizi, badilisha majina tu.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera nzuri, au kamera yenye lenzi moja. Ya 35mm au 50mm inatosha kwa mitaani. Ukiwa na lenzi ya kuvuta, kwa mfano 24-105mm, itakusaidia pia kwenye gari la safari.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani. Jasho na mafuta ya kujikinga na jua huishia kwenye lenzi, na huo ndio "ukungu" ambao watu wengi wananiuliza.
- Pawabenki iliyojaa na waya wake.
- Nafasi ya kutosha kwenye simu, au memori kadi ya akiba.
- Mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, unaotosha kuingia kamera. Kazi yake nitaieleza kwenye hatua ya 8.
- Daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Kofia, maji, na suruali usiyoionea huruma. Utapiga magoti.

Vya kuacha hotelini: kijiti cha selfi na droni, vyote vimepigwa marufuku. Stendi ya kamera inaruhusiwa ikiwa ndogo tu, yaani inayoingia kwenye begi la kawaida la mgongoni na isiyorefuka kupita futi 6, kama sentimita 180. Mimi nakushauri uiache kabisa. Kwenye barabara nyembamba ya Harambe itakwaza watu, na kuta na milango ni vya kuegemea bure. Kama unapiga kwa ajili ya biashara, ni lazima uombe kibali mapema.

## Hatua ya 1: Chagua barabara moja

Animal Kingdom ina eneo la ekari 580 hivi. Ukitaka kupiga vitu vidogo vya bustani nzima kwa siku moja, utarudi na picha za kila mahali na hutakuwa na picha ya mahali popote.

Chukua ramani na uweke alama kuanzia daraja la kuingilia Harambe, barabara kuu ya mji, soko la Harambe Market, hadi mlango wa safari. Hiyo ndiyo kazi yako ya siku. Mti wa Uhai utaupitia tu wakati wa kutoka.

Ukisafiri na familia, hili liongeeni kabla hamjaondoka nyumbani. Mtoto aliyeahidiwa michezo hatakuacha umalize mlango mmoja. Ombeni kugawana: saa mbili za mwanzo ni zako, zilizobaki ni za wote.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mtu njia yako kwa sentensi moja.

## Hatua ya 2: Tengeneza simu usiku uliotangulia

Fanya marekebisho haya ukiwa umetulia, si mbele ya mlango wenye nakshi huku watu wanakusukuma.

Washa gridi. Kuta za Harambe zimechongwa makusudi zionekane zimechoka. Simu ikipinda hata kidogo, mtazamaji hatajua kama ni ukuta uliolegea au ni mkono wako.

Zima flashi. Inabatilisha vivuli, na nakshi bila kivuli ni ubao mtupu. Isitoshe, kwa wanyama ni marufuku.

Zima modi ya kufifisha mandhari ya nyuma. Programu hukisia ukingo wa kitu, na kwa nyasi za paa au nyaya hukisia vibaya. Utakuta nusu ya paa imekatwa kama kwa mkasi butu.

Jifunze kufunga fokasi na mwanga. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitu kwenye skrini na kushikilia kidole mpaka ikuonyeshe kwamba imefunga, kisha unavuta kidole chini kupunguza mwanga. Rudia mpaka uweze kufanya hivyo bila kufikiri. Jaribu kwenye kitasa cha mlango wa chumba chako.

Jua simu yako inaanzia umbali gani. Simu nyingi za sasa zina kamera kuu isiyoona vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 15 hadi 20. Ukisogea zaidi, simu hubadilisha lenzi yenyewe kimyakimya na kukupa ile pana, ambayo kivulini hutoa picha chafu. Dawa yake ni kurudi nyuma na kutumia 2x au 3x, ikiwa simu ina lenzi hiyo kweli. Ukivuta kwa vidole kupita hapo, unakuza tu uchafu.

Wenye kamera: tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8 kwa kuta na milango, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ijipange yenyewe, na piga RAW, yaani faili ghafi.

Kabla ya kulala, piga kitasa hicho mara tatu. Ukiona mikwaruzo ya chuma bila kukuza picha, uko tayari.

## Hatua ya 3: Fika milango ikifunguliwa, na usipige kitu kwanza

Bustani hii mara nyingi hufunguliwa mapema, karibu saa 2 asubuhi, lakini hakikisha ratiba ya siku yako. Milango ikifunguliwa, umati mkubwa hukimbilia Pandora, eneo lililofunguliwa mwaka 2017, na wengine huenda moja kwa moja kupanda magari ya safari. Barabara ya Harambe yenyewe hubaki karibu tupu. Hapo ndipo pako.

Tembea urefu wote wa barabara mara moja, simu ikiwa mfukoni. Najua hili ndilo gumu kuliko yote. Lakini ukianza kupiga mlangoni, utakaa mlangoni. Ukitembea kwanza, unaona jua linagusa ukuta upi sasa hivi na upi utasubiri mchana. Andika vitu visivyozidi kumi, na kando ya kila kimoja andika neno moja: "sasa", "mchana" au "jioni".

Kila kitu kwenye orodha kipigie picha tatu, kwa mpangilio huu:

1. Mahali. Fremu pana inayoonyesha kitu kiko wapi: jengo zima, kona ya barabara.
2. Kitu. Mlango wenyewe, kibao chenyewe.
3. Alama. Sehemu ya karibu kabisa: msumari, ufa, herufi iliyochujuka.

Sababu ni ya kawaida tu. Picha ya tatu ndiyo utakayoipenda, lakini bila ile ya kwanza hakuna atakayeielewa. Wengi huanza na ya tatu na kuishia hapo, ndipo unapoletewa picha ya ufa na swali, "Hii ilikuwa wapi vile?"

## Hatua ya 4: Anza na ardhi

Watu hutazama juu wanapoingia bustani kama hizi, na wabunifu wanalijua hilo. Hata hivyo waliitengeneza ardhi kwa uangalifu uleule. Barabara ya Harambe ni zege, lakini limetiwa rangi ya udongo, likachorwa nyufa, na mahali pengine likagandamizwa majani kabla halijakauka. Majani yenyewe yamekwisha zamani, alama zake zimebaki.

Zege hili ni gumu kulipiga, kwa sababu linategemea kivuli chembamba sana. Ukisimama wima na kuelekeza simu chini, utapata sakafu ya kijivu. Fanya hivi:

Chuchumaa. Geuza simu juu chini ili lenzi iwe karibu na ardhi. Izunguke alama ya jani taratibu huku ukitazama skrini, mpaka ufike upande ambao jua linakujia kutoka mbele kidogo au ubavuni. Utaliona jani likiinuka ghafla: mshipa wa katikati unapata kivuli upande mmoja na mstari wa mwanga upande wa pili, kisha mishipa midogo inafuata. Funga fokasi hapo, punguza mwanga kidogo, piga.

Jua likiwa mgongoni mwako hutaona kitu, hata kwa simu ya bei gani.

Kisha lipe jani hilo kitu cha jirani. Jani bichi lililoanguka karibu na lile la zege, au ncha ya kiatu cha mwenzako, litaeleza ukubwa na litaonyesha mzaha wa mahali penyewe: la kweli litafagiliwa jioni, la uongo liko pale miaka nenda miaka rudi. Usiokote jani mbali ukalipanga. Subiri, pale yanaanguka yenyewe.

Tahadhari: vigari vya watoto na viti vya umeme hupita kasi na havikuoni ukiwa chini. Kaa pembeni, mgongo kwenye ukuta, na mtu wa kukulinda akisimama upande wanakotokea watu.

Picha imefaulu kama mtu wa nyumbani akiiona anataka kupitisha kidole juu yake.

## Hatua ya 5: Kuta na milango, kwa mwanga wa ubavuni

Kule Lamu kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumvi na unyevu wa bahari huinua lipu, lipu inapukutika, jiwe linachungulia. Wabunifu wa Harambe waliiga hali hiyo kwa saruji na brashi. Kwa hiyo unapopiga ukuta wa pale, unapiga kazi ya msanii aliyekaa akachora uzee.

Tafuta mahali lipu "imedondoka". Usipige katikati ya kidonda, piga ukingo wake, pale lipu inapokutana na jiwe. Hapo ndipo fundi alipotumia muda: utaona unene wa lipu, tabaka la rangi ya zamani chini ya rangi mpya, na vumbi la kuchorwa kwenye pembe. Tafuta pia vyuma vilivyotoka ukutani na ufuate michirizi ya kutu chini yake. Mingine ni kutu, mingine ni rangi. Ukiipiga kwa karibu, mwache mtazamaji abishane na mwenzake.

Kanuni ya mwanga ni ileile ya ardhini: jua liupapase ukuta kutoka ubavuni. Asubuhi ukuta mmoja wa barabara utakuwa hivyo, jioni mwingine. Ndiyo maana uliandika "sasa" na "jioni".

Milango ina shida yake. Ukisimama karibu na kuinua simu, mlango unaegemea nyuma kama unataka kuanguka. Rudi hatua nne au tano, tumia 2x, shika simu usawa wa katikati ya mlango na iwe sambamba nao. Tazama gridi: mihimili miwili ya mlango ifuate mistari ya wima. Baada ya hapo ndipo usogee kupiga nakshi.

Mkono ukitetemeka kivulini, egemeza kiwiko ukutani na utoe pumzi kabla ya kubonyeza.

Na ukiwa mwenyeji wa Mombasa au Unguja, utajikuta unalinganisha. Linganisha, lakini kwenye maelezo ya picha andika Florida. Nimeona picha za Harambe zikisambazwa kama za Mji Mkongwe, na watu wakabishana siku nzima kuhusu mtaa ambao haupo.

## Hatua ya 6: Piga maandishi pamoja na kinachouzwa

Hapa ndipo faida yako inapoonekana. Mgeni wa kawaida huona vibao kama mapambo. Wewe unavisoma, na ukisoma utaona visa vidogo ambavyo picha inaweza kuvisimulia.

Kibanda cha Mahindi kinauza bisi. Mtu wa kwetu akisoma jina anatarajia jiko la mkaa, muhindi uliochomwa na limau yenye pilipili, kumbe anakabidhiwa boksi la bisi. Basi usipige kibao peke yake: subiri mteja aondoke na boksi lake, kibao kiwe juu, bisi ziwe chini, kwenye fremu moja. Tamu Tamu, kibanda cha aiskrimu, inahitaji kijiko. Dawa Bar inahitaji glasi kaunta, kwa sababu dawa pale ni kinywaji kama kile cha baa za Nairobi na si cha famasi. Kusafiri ni duka la kahawa na mikate, na foleni yake ya asubuhi ni ya watu waliosafiri kweli.

Kuna jina moja ambalo Kiswahili hakitakusaidia mpaka ulitamke kwa sauti: Jorodi. Ni tangazo la duka la vinyago na shanga, na limechezea jina la Joe Rohde, mbunifu aliyeongoza ujenzi wa bustani hii. Lipige na barabara nyuma yake, maana barabara hiyo ndiyo kazi yake.

Kisha tafuta maandishi ya Uhuru na mwaka 1961. Ndio mwaka ambao mji huu wa kubuni unasemekana kujitawala. Kenya ilipata uhuru 1963, Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Yaani mji wenye sura ya Lamu unasherehekea mwaka wa Dar es Salaam. Sijui mtu mwingine ambaye angesimama kupiga picha hiyo isipokuwa msomaji wa Afrika Mashariki, na kwangu ni moja ya picha za lazima.

Mambo ya ufundi ni machache. Kibao kinachong'aa kipige kwa pembe, sogea kushoto au kulia mpaka mng'ao uondoke. Funga fokasi kwenye herufi, si kwenye fremu ya kibao. Bango lililochujuka usiliongezee rangi baadaye, kuchujuka ndiko kulikokuleta.

Jaribio la kufaulu: funika maelezo yote, mwonyeshe picha mtu ambaye hajafika. Akicheka au akiuliza swali, umepata.

## Hatua ya 7: Mchana, ingia chini ya paa na utazame juu

Kuanzia saa 5 hadi saa 9 mchana jua la Florida haliwafai watu wala kuta. Usipigane nalo. Ingia kivulini.

Paa za nyasi za Harambe ziliezekwa na mafundi Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Mtu wa pwani ataliona hilo kabla hajaambiwa, kwa kuwa si makuti ya mnazi, ni nyasi, zimepangwa nene na kukatwa ukingo safi. Simama chini ya paa na upige mafungo yake, fito, na ukingo uliokatwa.

Shida ni mbingu. Nyuma ya ukingo wa paa kuna anga jeupe, na simu itachagua moja: paa jeusi au anga lililoungua. Iondoe mbingu kwenye fremu kadiri uwezavyo, funga mwanga kwenye nyasi, kisha upunguze kidogo tu. Ukiona kila unyasi na bado kuna giza katikati ya mafungo, acha hapohapo.

Ukiwa umeinua kichwa, pitia nyaya, taa na madirisha ya ghorofani pia. Watu wachache sana huinua macho kupita usawa wa vibao.

## Hatua ya 8: Mvua, ubaridi na lenzi iliyofunga ukungu

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi hupiga karibu kila alasiri. Radi ikianza, ingia ndani ya jengo. Hakuna picha inayostahili radi.

Mvua ikikatika, toka upesi. Zege la rangi ya udongo linakolea, madimbwi yanashika sura ya paa na kuta, na kwa dakika chache barabara ni tupu. Weka simu karibu na maji yenyewe, sentimita chache tu.

Adui mwingine ni kipoza hewa. Kamera iliyokaa kwenye mgahawa wa baridi ikitoka kwenye joto lenye unyevu, lenzi hufunga ukungu papo hapo. Ndiyo kazi ya mfuko wa zipu: funga kamera ndani ya mfuko kabla hujatoka, iache ipate joto taratibu kama nusu saa, ndipo uitoe. Usifungue lenzi kufuta ndani.

## Hatua ya 9: Kwenye gari la safari, piga barabara

Gari linatikisika, halikusubiri, na huchagui kiti. Ndiyo maana picha za twiga hutoka vile. Simba na tembo wapige kwa raha yako, lakini kwa kazi yetu tazama vitu vilivyotengenezwa.

Mashimo ya barabara ambayo dereva anayalalamikia ni zege lililomwagwa na kuchapwa alama za magurudumu lingali bichi. Mibuyu ile minene ni zege pia. Na baadhi ya miti inayofanana na migunga ni mialoni ya Florida iliyopogolewa ifanane nayo. Ukipiga mbuyu wa zege na mwaloni uliogeuzwa mgunga kwenye fremu moja, na pundamilia wa kweli mbele yake, umeeleza bustani nzima.

Kwa kamera, weka kasi ya shata 1/500 au zaidi. Kwa simu, tumia picha za mfululizo. Usiegemeze mkono kwenye chuma cha gari, kwani mtikisiko wote utaingia kwenye picha. Bana viwiko mbavuni. Sehemu ya msitu, anakoishi okapi, mnyama wa Ituri kule Kongo, ina giza, kwa hiyo pandisha ISO kabla hujaingia.

Usisimame, usitoe mkono nje, na usimwombe dereva asimame. Kama foleni inaruhusu, panda mara mbili, ya kwanza bila kupiga kitu. Picha mbili kali kutoka safari nzima ni mavuno mazuri.

## Hatua ya 10: Mti wa Uhai, lakini uso mmoja tu

Mti una urefu wa futi 145, kama mita 44, na umejengwa juu ya mifupa ya chuma ya aina ya jukwaa la kuchimbia mafuta baharini. Umechongwa wanyama zaidi ya 300. Kila mtu anaupiga mzima, na mzima haueleweki.

Nenda karibu na mlango wa ukumbi ulio ndani ya shina, umtafute sokwe. Huyo ni David Greybeard, sokwe wa Gombe, Kigoma, ambaye Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alimfahamu tangu utafiti wake ulipoanza 1960. Alichongwa kwa heshima ya kazi hiyo. Watu humpita huku wanatafuta mlango.

Mpige kwa 2x kutoka ubavuni ili nyusi na mdomo vipate kivuli. Halafu rudi nyuma upige picha ya mahali: sokwe, foleni, na watu wanaotazama upande mwingine.

## Watu kwenye picha zako

Wafanyakazi huvaa beji zenye jina na wanakotoka. Ukimkuta wa Afrika Mashariki, msalimie kwanza, kamera baadaye, na kama yuko kazini asikawie kwa ajili yako. Beji yake usiichapishe bila ruhusa.

Watoto wa wengine wasionekane nyuso. Subiri wapite, au piga kivuli, mgongo, mkono ulioshika boksi la bisi.

## Hatua ya 11: Chambua usiku huohuo

Usingoje ufike nyumbani. Baada ya wiki hutakumbuka ufa upi ulikuwa wa ukuta upi.

Futa kwanza zilizotikisika, bila huruma. Zinazobaki zipange kwa seti zile tatu: mahali, kitu, alama. Seti isiyo na picha ya mahali iwekee alama. Kama una siku nyingine, irudie kwa saa ileile uliyoipiga, la sivyo mwanga hautaoana.

Nyoosha mistari, kata kingo, basi. Simu nyingi hukoleza rangi zenyewe, na ukuta wa rangi ya mchanga ukageuka wa chungwa. Punguza ukolevu mpaka ukuta urudi kama ulivyouona.

Chini ya kila picha andika kitu, mahali na saa: "Alama ya jani kwenye zege, barabara kuu ya Harambe, Florida, saa 2:40 asubuhi."

Kutuma ni mtego wa mwisho. WhatsApp hubana picha, na mishipa ya lile jani ndiyo ya kwanza kupotea. Tuma kama hati, si kama picha, na nakala ya kwenda kuchapisha ichukuliwe kwenye simu iliyopiga, si kwenye kundi la familia.